Mapigo Mawili ya Mpishi

Mimi ni Munyadziwa, dada mkubwa wa Mbulaheni, mkuu wa shule ya msingi hapa kijijini kwetu, chini ya milima. Shuleni mimi ni mpishi. Nyumbani kwake mimi ni shangazi wa ukoo, yule ambaye bila yeye mtoto haozwi na maji hayamwagwi kwa wazee waliolala. Siku za juma Mbulaheni huniita "wewe wa jikoni." Jumamosi kukiwa na jambo la ukoo hupiga magoti mbele yangu, anakutanisha viganja, ananisalimia kwa sauti ya chini kama mkwe. Nimeishi na watu hao wawili ndani ya mtu mmoja kwa miaka kumi na tisa, na bado sijawazoea.

Yeye alisoma kwa sababu mimi sikusoma. Baba alisema nyumba yetu ina viatu vya mtoto mmoja tu. Viatu vikaenda shule, miguu yangu ikaenda barabarani kuuza ndizi na parachichi ili soli zisitoboke. Baadaye nikaolewa. Baada ya miaka kumi na moja mume wangu alirudi kutoka migodini na mwanamke mwingine, nami nikakuta nguo zangu nje, zimekunjwa vizuri ndani ya beseni. Mpaka leo kinachoniuma zaidi ni vile zilivyokunjwa vizuri. Nilirudi kwa mdogo wangu na beseni kichwani, akanipa kazi ya jikoni, na kila mwaka hunikumbusha kwamba alinipa.

Mwili wangu haujui kukaa. Tangu utotoni nilikuwa hivyo. Nikipewa mchi naangalia mto, nikitumwa mtoni nawaza mchi. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyenipatia dawa. Alinikalisha chini, akanibania ngoma yake katikati ya magoti, ile ndefu yenye uso mpana inayopigwa kwa viganja, akasema, "Yako ni mapigo mawili. Mengine yote ni ya watu. Sikiliza mpaka yako yafike." Nikasikiliza. Ndipo nikajua kuna mahali ambapo roho yangu inaweza kukaa kitako. Ngoma ikinyamaza, nahangaika upya. Usiku natembea kutoka mlangoni mpaka dirishani mpaka jogoo anichoke. Lakini ndani ya ngoma natulia.

Na habari hii ya darasa la tano sikuianza na ngoma. Niliianza na sahani.

Darasa lile lilikuwa na watoto arobaini na watatu, na mwalimu wao alikuwa ameugua akaondoka. Saa nne walikuja jikoni kama ng'ombe waliosikia chumvi. Walisukumana, walimwaga maharage, mmoja aliungua mkono kwenye sufuria. Siku ile nilisimama na mwiko wangu, sikupakua.

"Bibi, mbona hutupi?" akauliza msichana mmoja, Thendo.

"Sahani zenu zinagombana. Zikipatana nitapakua."

"Sahani zinapatanaje?"

Nikachukua kifuniko, nikakigonga mara mbili, nikangoja, nikakigonga tena. "Gongeni hapo ninapongoja."

Walicheka kwanza. Kisha njaa ikawafundisha. Siku ya tatu sahani arobaini na tatu za bati ziligonga kama sahani moja, na mstari ukasimama wenyewe bila mtu kuusimamisha. Mwalimu mpya, Dakalo, binti aliyekuja kwa mkataba wa muda, akanifuata jikoni akiwa ameshika chaki bado.

"Shangazi, umewapa nini hawa?"

"Ugali na maharage."

"Hapana, nina maana nyingine. Leo wamerudi darasani wakakaa. Nimesoma ukurasa mzima hakuna aliyerusha kitu!"

Aliniita shangazi kwa sababu alikuwa mchumba wa Rofhiwa, mtoto wa Mbulaheni, na walikuwa wanangoja siku ya kumleta nyumbani. Nilimpenda na sikumpenda. Alikuwa na viatu vizuri.

Yeye ndiye aliyemwendea mkuu wa shule, nikapewa saa moja kila Jumatano mchana, baada ya kuosha vyombo. Mbulaheni alisema, "Sawa, acheze nao. Lakini asiwaguse vitabu."

Kwetu wimbo mkubwa wa filimbi haupigwi na mtu mmoja. Kila mtu ana filimbi yenye sauti moja tu. Unapuliza sauti yako mahali pake, unanyamaza, wengine wanapuliza zao, wimbo unazunguka mpaka ukurudie. Walipochimba kisima cha shule yalibaki mabomba meupe ya plastiki, nikayakata kwa msumeno wa mlinzi, marefu na mafupi, nikaziba chini. Mbulaheni akaja kuangalia.

"Filimbi ni za wanaume, wewe wa jikoni. Wasichana wapige makofi."

"Za wanaume ni zile za mwanzi. Plastiki haijui msichana wala mvulana."

Walimu wakacheka, akaondoka.

Tulikaa chini, duara moja, viatu nje. Niliwaambia mabega yashuke, meno yasigusane, macho yaangalie magoti ya mtu wa mbele. Wa kushoto kwako akimaliza, wewe. Basi. Siku ya kwanza ilikuwa kama kuku walioingiliwa na kicheche. Kila mtu alitaka kupuliza kabla ya zamu, na aliyekosa zamu alipuliza mara tatu kujilipa. Thendo ndiye alikuwa mbaya kuliko wote. Miguu yake ilicheza, shingo ilizunguka, filimbi yake ililia popote.

"Bibi, huyu ana siafu kwenye makalio!" akasema jirani yake.

"Na wewe una siafu mdomoni," nikamwambia. "Hamia kule."

Nilimweka Thendo pembeni yangu. Nilimjua. Nilijua hata usiku wake ulivyo.

Mwalimu Dakalo alikaa nyuma na daftari. Siku moja akaanza kuwahesabia, moja mbili tatu nne, huku akipiga kalamu mezani. Watoto wakakakamaa. Mabega yakapanda mpaka masikioni.

"Acha kuhesabu, mwanangu."

"Lakini shangazi, wasipohesabu watajuaje zamu yao?"

"Wakihesabu watajua namba. Zamu hawataijua."

Aliandika hilo kwenye daftari. Nilimwona akiliandika.

Kulikuwa na sheria moja niliyoishikilia kuliko zote. Mtu asipokuja, nafasi yake inabaki wazi. Hakuna kumpulizia. Wimbo unafika pale, unakuta shimo, mnalingojea lipite, mnaendelea. Watoto waliichukia sheria hiyo. Shimo linamtekenya mtu. Hata mtu mzima akilisikia anataka kulijaza, hata kwa kikohozi. Mimi niliwaambia anayekimbilia nafasi ya mwenzake ameshaiacha yake. Na nikawaambia jambo la pili: mapigo mawili ya mwisho, kabla wimbo haujarudi mwanzo, ni ya ngoma yangu, ile aliyoniachia bibi. Lakini hata mimi nikikosea, msinifuate.

"Hata wewe, Bibi?"

"Hasa mimi."

Ilichukua majuma mengi. Kuna walimu wanaonyamazisha watoto kwa fimbo, na mtoto wa namna hiyo hunyamaza kweli, lakini masikio yake yote yako kwenye fimbo. Hawa wangu walinyamaza kwa sababu walikuwa wanasikiliza kitu. Mabega yao yalikuwa chini. Mmoja alipiga miayo katikati ya wimbo na hakukosa zamu yake. Thendo alipougua tetekuwanga alikosa Jumatano mbili, na aliporudi aliuliza mlangoni, "Nani alipuliza yangu?" Wakamjibu, "Hakuna. Ilikuwa inakaa hapo hapo." Alikaa chini taratibu sana siku ile, kama mtu anayekalia kiti kipya. Jioni mama yake alinisimamisha njiani kuniuliza kama mtoto wake anaumwa tena, maana amekula chakula chote bila kuinuka.

Kufikia majira ya baridi darasa la tano lilikuwa linasoma kimya mlango ukiwa wazi, na walimu wa madarasa mengine walikuja kuchungulia dirishani. Mbulaheni naye alichungulia.

Ndipo ikaja barua ya ofisi ya utamaduni. Walikuwa wanatafuta wasanii wa vijijini wa kufundisha mashuleni, kazi ya kuandikwa, mwaka hata mwaka. Kila shule ipeleke jina la mtu mmoja, wageni watakuja kumwona. Mlinzi alinisomea barua ile ikiwa imebandikwa ukutani, maana mimi nilijifunza herufi ukubwani, kwenye darasa la jioni la kanisa, na nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nilimwambia anisomee tena. Siku ile nilipika nikiimba. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini kabla ya hapo.

Siku nne baadaye Dakalo alikuja jikoni, akafunga mlango, akasimama.

"Shangazi, usinikasirikie. Mkuu ameandika jina langu."

Nilikuwa napakua ugali tabaka juu ya tabaka. Niliendelea kupakua.

"Nilimwambia ni wewe. Akasema ofisi haitachukua mtu asiye na cheti, nafasi itapotea bure, afadhali ibaki nyumbani. Na mimi mkataba wangu unaisha Desemba." Alianza kulia. "Sina kazi nyingine, shangazi."

"Nyumbani kwa nani?"

"Eh?"

"Ibaki nyumbani kwa nani?"

Nikamwambia afute machozi, watoto wanakuja. Kisha nilivua aproni nikaenda ofisini kwa Mbulaheni. Aliniacha nimesimama.

"Mdogo wangu, ile kazi ni yangu."

"Hapa mimi si mdogo wako."

"Ile kazi ni yangu, mkuu."

"Una karatasi gani, Munyadziwa? Nionyeshe karatasi moja tu yenye jina lako." Alisema hivyo kwa upole. "Wageni wakija, wewe kaa jikoni. Watakula. Usiniaibishe."

Nilitoka pale bila kujua mikono yangu naiweka wapi. Kuanzia siku hiyo sikulala. Nilifua nguo zilizo safi, nilihamisha kuni kutoka ukuta huu kwenda ule na kuzirudisha. Cheti sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni darasa moja lenye watoto arobaini na watatu, nalo lingeonyeshwa kwa wageni kama kazi ya mtu mwingine.

Jambo moja tu Mbulaheni hakuthubutu kulifanya. Ngoma ya bibi haiguswi na mwanamke asiyekabidhiwa na shangazi wa nyumba, na Dakalo alikuwa hajaletwa nyumbani, sikuwa nimemkabidhi hata kijiko. Basi siku ya wageni ngoma ilibaki kwangu jikoni, chini ya rafu ya chumvi. Dakalo aliwaambia watoto, "Mkifika mwisho, unganisheni moja kwa moja na mwanzo. Msingoje ngoma." Wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu."

Wageni walikuwa wawili: mwanamume mwenye faili, na mama mmoja mnene wa mvi, aliyeitwa kwa heshima Vho-Masindi, ambaye viganja vyake vilikuwa na ngozi ngumu kama vyangu. Nilimwona alipopita dirishani. Niliona viganja kwanza.

Darasa la tano liko mkabala na jikoni, ua tu katikati. Nilisikia wakikaa. Nilisikia viatu vikivuliwa. Kisha filimbi ya kwanza, ya pili, na wimbo ukaanza kuzunguka, mwepesi, hauna haraka. Ulipofika mwisho, mahali pangu, nikasikia shimo.

Hawakuunganisha. Waliambiwa waunganishe, wakasema ndiyo, na walipofika pale walingoja. Nafasi ya mapigo mawili kamili. Kisha wakaanza tena. Nikasimama na mwiko mkononi. Mzunguko wa pili, shimo. Wa tatu, shimo. Nilijiambia nikae. Nilikaa kwenye ndoo. Niliinuka. Wa tano. Nilisikia mguu wa Mbulaheni ukigonga sakafu kule darasani, naye alikuwa anatekenywa. Wa sita. Miaka yote ile ilinipanda kifuani, viatu, beseni, karatasi moja tu yenye jina lako, nikavuta ngoma kutoka chini ya rafu nikapiga.

Niliwahi.

Nilijua kabla viganja havijainuka kwenye ngozi. Niliwahi kwa nusu pumzi, na nilipiga kwa nguvu kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa wake. Kule ng'ambo hawakuyumba. Walisubiri shimo lote lipite pamoja na kelele zangu, wakaanza mahali pake. Nikaona haya, nikaona hasira, nikapiga mzunguko uliofuata ili nisahihishe, nikawahi tena. Mara ya tatu nilikunja ngumi nikazikalia.

Wimbo ulipokwisha nilisikia sauti ya yule mama.

"Nani anapiga ngoma huko?"

"Ni mpishi," akasema Mbulaheni. "Vyombo vya jikoni, unajua tena."

"Baba, mimi nimepiga ngoma miaka arobaini. Vyombo havina ngozi."

Wakavuka ua wote, na watoto nyuma yao hawana viatu. Vho-Masindi alisimama mlangoni, akaitazama ngoma, akanitazama.

"Mama, habari ya jiko."

"Jiko lipo."

"Wewe ndiye umepiga?"

"Mimi."

Mwanamume mwenye faili akauliza, "Kwa nini?"

"Kwa sababu pale ni pangu. Watoto hawa nimewafundisha mimi."

Dakalo aliangalia chini. Mbulaheni alitabasamu, akatikisa kichwa kidogo, vile anavyomtikisia mzazi mlevi siku ya mkutano. Na Vho-Masindi akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo, bila ubaya wowote, kama fundi anayemwambia fundi.

"Mama, nisamehe. Watoto wale wamefundishwa na mtu aliyetulia. Wewe umewahi mara mbili."

Nilitaka kusema mengi. Lakini ilikuwa kweli. Thendo akapenya mpaka mbele.

"Bibi alituambia akikosea tusimfuate," akasema. "Leo amekosea."

"Alisema lini?"

"Siku nyingi. Alisema, hasa yeye."

Watoto wakacheka, na wengine wakaanza kusema wote kwa pamoja, kwamba ni Bibi, kwamba ilianza na sahani, kwamba mwalimu Dakalo anaandika tu. Vho-Masindi aliwanyamazisha kwa kiganja.

"Basi akae kwenye duara nisikie," akasema.

Tulirudi darasani. Nilikaa mahali pangu, kati ya Thendo na ukuta, ngoma magotini. Walianza. Mzunguko wa kwanza sikupiga. Moyo ulikuwa unakimbia, na ningepiga ningewahi. Niliacha nafasi yangu ipite kama nilivyowafundisha. Wa pili pia. Nilimsikia Mbulaheni akikohoa ili nionekane nimeshindwa. Wa tatu niliacha. Niliangalia magoti ya mtoto wa mbele yangu, yenye vumbi na kovu, na meno yangu yakaachana. Mzunguko wa nne mapigo yangu yalifika, nikayapiga, si makubwa. Yakakaa. Tukazunguka mara nyingi sana baada ya hapo, sijui ngapi, na kwa muda wote ule sikutaka kuwa mahali pengine.

Tuliponyamaza Vho-Masindi hakupiga makofi. Alimwambia mwenye faili, "Andika jina lake."

Mwenye faili akafungua karatasi akaguna. Jina lililokuwepo lilikuwa limeshapigwa muhuri wa shule. Yeye hawezi kulifuta. Mkuu wa shule aandike barua kwa mkono wake, aseme alikosea, iwafikie kabla ya mwisho wa mwezi. "Mkuu ataandika, bila shaka," akasema. Mbulaheni akasema, "Bila shaka." Wakala, wakaondoka.

Hakuandika. Nilingoja juma zima. Nilipomuuliza alisema wino, alisema mikutano, mwisho akasema, "Nikiandika nimekosea, nimejiandikia kosa kwenye faili langu. Unataka nifukuzwe kazi, tule nini?" Nikarudi jikoni. Mwezi ulikuwa umebaki na siku kumi.

Siku ya nane kabla ya mwezi kwisha ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo Dakalo aliletwa.

Kwetu bibi harusi hufika na shangazi zake, wanasimama nje ya uzio, yeye anapiga magoti mkekani kichwa kimefunikwa. Haingii. Hata mvua inyeshe haingii, mpaka shangazi wa nyumba atoke aseme, "Mtoto wangu, ingia, moto ni wako." Maneno hayo hayasemwi na mtu mwingine. Baba wa nyumba akiyasema ni upepo tu.

Nilikaa ndani ya nyumba kubwa iliyojaa ndugu, nimevaa nguo za ukoo, shanga shingoni. Waliniambia wamefika. Nikasema nimesikia. Nje wanawake walipiga vigelegele, kisha wakanyamaza, kisha wakavipiga tena kwa mashaka. Wazee wakaanza kukohoa. Mbulaheni aliingia, akapiga magoti, akakutanisha viganja.

"Dada. Wageni wako juani."

"Nimewaona."

"Basi toka uwapokee."

"Barua iko wapi?"

Akainua kichwa. "Leo? Mbele ya watu?"

"Ofisini uliniambia wewe si mdogo wangu. Leo je?"

"Dada, usimfanyie hivi mtoto wa watu. Dakalo amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Ndiyo maana usimwache juani."

Alitoka. Nilidhani amekwenda kwa wazee ili wanilazimishe, na pengine walimkatalia, maana alirudi na daftari la mtoto wa shule na kalamu, akaandika akiwa amepiga magoti pale pale, karatasi juu ya stuli. Akaichana, akanipa.

Nikaanza kusoma. Nasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, na midomo inacheza. Chumba kizima kilikuwa kinanitazama. Sikuharakisha. Nilisoma jina langu. Nilisoma jina la shule. Kisha nikakuta neno refu, nikalivunja vipande vipande, nikaliunganisha. Lilikuwa "msaidizi." Munyadziwa, msaidizi wa mwalimu Dakalo.

Nikamrudishia.

"Andika tena."

"Dada, watu..."

"Hili neno silitaki. Andika tena."

Mzee mmoja akasema kutoka pembeni, "Mbulaheni, andika bwana, nyama inapoa!" Watu wakacheka, na kicheko hicho kikamchoma kuliko mimi nilivyoweza. Aliandika mara ya pili, mkono ukikwaruza karatasi. Nilisoma tena yote, kutoka juu. Nje nilimsikia shangazi mmoja wa Dakalo akiuliza kama ndani kuna msiba. Sikuruka hata nukta. Ilisema kwamba yeye, Mbulaheni, mkuu wa shule, alikosea. Kwamba mwenye kufundisha darasa la tano ni Munyadziwa, peke yake. Na chini, sahihi.

Niliikunja mara nne nikaiweka kifuani, ndani ya nguo, kwenye ngozi. Kisha nikatoka juani. Dakalo alikuwa ameinama, kitambaa kimelowa jasho mgongoni. Nikamshika bega. Lilikuwa limepanda mpaka sikioni.

"Shusha," nikamwambia kwa sauti ya chini. Akashusha. Nikasema maneno yanayosemwa, kwa sauti ya watu kusikia, akainuka akaingia, na vigelegele vikapanda mpaka mbuzi wakakimbia.

Walinitengea kiti na sahani yenye paja. Sikukaa. Niliingia chumbani nikavua shanga, nikavaa viatu vya njia, nikapita nyuma ya jikoni wanawake wakiniita, "Shangazi, unakwenda wapi na sherehe ni yako?" Nikashuka mpaka barabarani, nikapata gari la kwenda mjini Thohoyandou.

Geti la ofisi ya utamaduni lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi alikuwa anakula mahindi ya kuchoma. Alinitazama mavazi ya sherehe na viatu vyenye vumbi.

"Mama, leo Jumamosi. Hakuna mtu mpaka Jumatatu."

"Najua."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimekuja kuona mlango uko wapi," nikamwambia, nikaanza kutembea mbele ya geti, kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile, kiganja kikiwa juu ya karatasi.